Rubani Aliyekuwa Mkuu wa Polisi na Meya wa Tehran

Mwezi wa Juni mwaka 2005, katika miji ya Iran, nchi ambayo wazee wetu wa pwani waliijua kwa jina la Uajemi, zilibandikwa ukutani picha za mtu mmoja mwenye umri wa miaka 43, amevaa mavazi ya rubani wa eropleni. Mtu huyo, Bwana Mohammad Bagher Ghalibaf, alikuwa akiwaomba watu wa nchi yake wamchague kuwa Rais. Katika umri huo alikuwa amekwisha kuwa jemadari vitani, mkuu wa idara kubwa ya ujenzi, mkuu wa jeshi la hewani, na mkuu wa polisi wa nchi nzima. Baadaye alikuwa Meya wa mji mkuu kwa muda wa miaka 12, kisha Spika wa Bunge. Ni wachache ulimwenguni waliopita katika vyeo vingi namna hiyo. Lakini kile cheo alichokitaka kuliko vyote hakukipata, ingawa alitoka kukiomba mara nne. Na sababu yake yafaa ichunguzwe na kila mtu afanyaye kazi katika ofisi ya serikali, na vile vile na kila mtu alimaye shamba lake huku akingojea amri zitokazo katika ofisi hiyo.

Msomaji asidhani kwamba habari za Waajemi ziko mbali nasi kabisa. Anaposema “serikali”, au “bandari”, au “bustani”, au anapofungua “dirisha” asubuhi, anatumia maneno yaliyovuka bahari kutoka kwao. Hata jina la bwana huyu lina maana nyepesi: Ghalibaf ni mfumaji wa mazulia. Alizaliwa tarehe 23 Agosti 1961 katika mji mdogo wa Torqabeh, karibu na mji mtakatifu wa Mashhad, upande wa kaskazini-mashariki wa nchi.

Mapinduzi yaliyomwondoa mfalme wa Iran yalitokea mwaka 1979, na mwezi wa Septemba mwaka 1980 majeshi ya Iraq yakaivamia nchi. Vita hivyo vilidumu karibu miaka minane, vikaua malaki ya watu. Ghalibaf alikuwa kijana wa miaka 19 vilipoanza. Hakuingia katika jeshi la kawaida, bali katika jeshi jipya lililoundwa baada ya mapinduzi, liitwalo Walinzi wa Mapinduzi. Jeshi hilo halikuwa na wazee wa kazi. Maofisa wengi wa zamani walikuwa wameondolewa, wengine wamekimbia, na ikawa kijana mwenye moyo na akili aliweza kupanda cheo kwa mwaka mmoja kuliko ambavyo askari wa nchi nyingine hupanda kwa miaka 15. Kabla hajatimiza miaka 25 Ghalibaf alikuwa akiongoza divisheni nzima, ile ya Nasr, iliyokuwa na watu wa jimbo lake la Khorasan. Ndugu yake mmoja aliuawa katika vita hivyo.

Mtu aliyefundishwa utawala katika mahandaki, akiwa na umri ambao wenzake wa nchi nyingine wangali wakitafuta kazi ya kwanza, hujifunza mambo mawili: kwamba amri ikitolewa wazi kazi hufanyika upesi, na kwamba anayeuliza maswali huchelewesha. Jambo la kwanza lilimfaa maisha yake yote. La pili ndilo lililomletea taabu.

VITA VIKIISHA, KAZI HAIISHI

Baada ya vita kusimama mwaka 1988, nchi ilikuwa imebomoka, na Walinzi wa Mapinduzi walikuwa na watu wengi, matingatinga mengi na malori mengi yasiyo na kazi. Basi wakaunda idara ya ujenzi, wakaiita Khatam al-Anbiya. Kuanzia mwaka 1994 Ghalibaf ndiye aliyekuwa mkuu wake. Kati ya kazi za wakati huo ilikuwamo reli ya kutoka Mashhad hadi Sarakhs, mpakani mwa Turkmenistan, ambayo ilifunguliwa mwaka 1996 ikaiunganisha Iran na nchi za Asia ya Kati zisizo na bahari. Idara ile ilizidi kukua hata ikawa mmoja wa makandarasi wakubwa kupita wote katika nchi, na wengi wakanung'unika, kwa maana mfanyabiashara wa kawaida atashindanaje kuomba kandarasi na jeshi?

Mwaka 1997 Kiongozi Mkuu wa nchi, Ayatollah Ali Khamenei, akamweka kuwa mkuu wa jeshi la hewani la Walinzi. Hapa ndipo lilipotokea jambo lililo geni kidogo. Majemadari wengi wakipewa uongozi wa jeshi la ndege hukaa mezani wakatia sahihi karatasi. Ghalibaf alijifunza kurusha ndege mwenyewe, na si ndege ndogo za mafunzo, bali akapata cheti cha kurusha eropleni kubwa za abiria za Airbus. Urubani huo aliushika hata baada ya kuvua sare. Na tusidhani kwamba lilikuwa jambo la majivuno tu, ingawa majivuno yalikuwamo. Rubani huaminiwa na watu wasiomjua. Abiria hupanda, hukaa, hufunga mkanda, wala hawamwulizi anaelekeza usukani wapi. Pengine hilo ndilo lililompendeza katika kazi hiyo.

Mwezi wa Julai mwaka 1999 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tehran walifanya maandamano kwa sababu gazeti moja lililopendwa na wapenda mabadiliko lilikuwa limefungwa. Usiku polisi pamoja na watu wenye marungu wakayaingia mabweni yao wakawapiga, na fujo ikaenea mjini kwa siku kadha. Rais wa wakati ule, Bwana Mohammad Khatami, alikuwa amechaguliwa kwa kura nyingi mno na watu waliotaka sheria ilegezwe. Ndipo maofisa 24 wa Walinzi walipomwandikia barua kali, wakamwambia kwamba uvumilivu wao ulikuwa umekwisha. Jina la Ghalibaf lilikuwa miongoni mwa majina hayo 24.

NAMBA 110

Polisi walitoka katika mambo hayo ya mwaka 1999 wakiwa na jina baya kabisa. Mwaka uliofuata, yaani 2000, Kiongozi Mkuu akamwondoa mkuu wa polisi wa zamani na kumweka Ghalibaf mahali pake. Polisi wa Iran ni jeshi moja kwa nchi nzima, lililoundwa mwaka 1991 kwa kuchanganya polisi wa mijini, askari wa mashambani, na kamati zilizozaliwa wakati wa mapinduzi. Ni rahisi kuchanganya majina juu ya karatasi, lakini ni vigumu kuchanganya tabia za watu. Raia wa kawaida alimwogopa polisi, lakini alipoibiwa hakujua amwendee nani.

Mkuu mpya alianza na mambo yanayoonekana kwa macho. Alinunua motakaa za Mercedes-Benz za doria, jambo lililowashangaza watu waliokuwa wamezoea kuwaona polisi katika magari mabovu. Wanawake waliingizwa tena katika mafunzo ya uofisa, na mwaka 2003 wakahitimu maofisa wanawake wa kwanza tangu mapinduzi. Zikafunguliwa ofisi ndogo zilizoitwa Polisi +10, zikiendeshwa kwa kibali na watu wa nje ya jeshi, ambamo mwananchi aliweza kuomba pasi ya safari au leseni ya kuendesha gari pasipo kuingia kituoni na kusimama mbele ya askari mwenye bunduki. Karani yeyote atakayesoma habari hii ataelewa maana ya jambo hilo. Mtu anayetaka karatasi hana kosa. Kwa nini basi afike mahali wanapofikishwa wenye makosa?

Lakini lile lililodumu zaidi kuliko motakaa na ofisi ni namba ya simu. Wakenya tumezoea 999. Wairani walipewa 110, na wale wanaojua hesabu ya abjadi, ambayo walimu wetu wa pwani huijua sana, watatambua mara moja kwamba herufi za jina la Ali zikihesabiwa hutoa 110: aini ni 70, lamu ni 30, na ye ni 10. Kwa Washia, ambao humtukuza Ali kuliko masahaba wote, si namba ya kusahaulika. Faida ya simu ya namna hiyo si wepesi peke yake. Mtu akienda kituoni na shauri lake, askari wa mezani aweza kumwambia rudi kesho, na hapana atakayejua. Akipiga simu katika ofisi kuu, shauri lake huandikwa pamoja na saa yake, na gari lisipofika kuna anayeulizwa. Askari huwa mtumishi si kwa kuhubiriwa, bali kwa sababu kazi yake inapimwa.

Katika miaka hiyohiyo alijipatia udaktari wa jiografia ya siasa katika Chuo Kikuu cha Tarbiat Modares, na tangu hapo akapenda kuitwa Daktari Ghalibaf kuliko kuitwa Jemadari.

Hata hivyo jeshi lile lile lililopokea simu za watu ndilo lililotumwa juu yao. Mwezi wa Juni mwaka 2003 wanafunzi walifanya fujo tena mjini Tehran, na polisi wakatumwa kuizima. Yaliyonenwa katika mabaraza ya serikali siku zile hayakujulikana na watu kwa muda wa miaka kumi, nasi tutayarudia mahali pake.

AKOSA URAIS, APATA MJI

Ili kugombea urais mwaka 2005 alilazimika kujiuzulu upolisi. Hapo ndipo zilipotokea picha za rubani, pamoja na suti nyeupe na miwani, na wengi walidhani kwamba yeye ndiye aliyekuwa chaguo la wakubwa. Siku ya kura, tarehe 17 Juni, alipata kura milioni 4 na kidogo, yaani karibu 14 kwa mia, akawa wa nne. Aliyeshinda mwishowe alikuwa mtu aliyevaa koti la bei rahisi, akakaa katika nyumba ya kawaida, akasema kwa maneno ya sokoni: Bwana Mahmoud Ahmadinejad, ambaye wakati huo alikuwa Meya wa Tehran. Wapiga kura maskini walipotazama picha zile mbili, walimwona mmoja kuwa ni mwenzao na mwingine kuwa ni rubani.

Kiti cha Meya kikawa wazi. Katika Tehran Meya hachaguliwi na wananchi, bali na madiwani wa Halmashauri ya Mji, kama ilivyokuwa Nairobi kabla ya cheo cha Meya kuondolewa na cha Gavana kuanza mwaka 2013. Mwezi wa Septemba mwaka 2005 madiwani 15 walipiga kura, na Ghalibaf akapata 8. Kwa kura hizo nane akatawala mji wenye watu zaidi ya milioni 7.

Na mji wenyewe ni mgumu. Tehran umejengwa chini ya milima ya Alborz, na mitaa yake ya juu iko katika kimo kama cha Nairobi au kukipita kidogo. Hauna mto mkubwa wala bahari. Wakati wa baridi hewa nzito hukaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria, na moshi wa magari haupati pa kutokea, hata shule zikafungwa kwa siku kadha ili watoto wasiuvute. Matajiri hukaa kaskazini, karibu na milima, ambako hewa ni safi. Maskini hukaa kusini, ambako moshi na maji machafu huteremkia.

Treni za chini ya ardhi zilikuwa zimekwisha anza kabla yake, lakini njia zilikuwa chache. Wakati wake njia ya nne ilifunguliwa mwaka 2008, ya tatu mwaka 2012, na ya saba mwaka 2017, miezi michache kabla ya kuondoka kwake. Mwaka 2008 huohuo mabasi yaendayo kasi katika njia zao wenyewe yalianza kupita mjini kutoka mashariki hadi magharibi. Ni mabasi ya namna ile ambayo Dar es Salaam iliyapata mwaka 2016. Akachimba njia ya motakaa ya Tohid chini ya nyumba za watu, iliyofunguliwa mwaka 2010, na juu ya barabara ya Sadr akajenga barabara nyingine ya ghorofa, iliyofunguliwa mwaka 2013. Mnara wa Milad, wenye urefu wa meta 435, ulioanzishwa na wengine, ukamalizika mikononi mwake.

Kuhusu barabara zile za ghorofa, mwandishi wa habari hii ana mashaka. Fedha zilizotumika zingaliweza kuongeza treni, na barabara mpya katika mji wa moshi huita motakaa mpya kama asali iitavyo nzi. Lakini barabara huzinduliwa kwa utepe na picha, nayo hukamilika kabla ya uchaguzi, na Meya huyu siku zote alikuwa akitazama uchaguzi.

Kazi iliyopendwa kuliko zote ni daraja la watu waendao kwa miguu, liitwalo Tabiat, maana yake maumbile. Lina urefu wa meta 270, limeruka barabara kuu na kuziunganisha bustani mbili, na limepindika kama tawi la mti, lina mahali pa kukaa, pa kunywa chai na pa kutazama milima. Ramani yake ilichorwa na mwanamke kijana, Bi Leila Araghian, aliyeshinda mashindano yaliyofanywa na mji. Lilifunguliwa mwaka 2014, na mwaka 2016 likapata tuzo ya ujenzi ya Aga Khan, ambaye jina lake linajulikana sana katika hospitali na shule za Afrika Mashariki. Watu wa Tehran walilifanya daraja hilo kuwa mahali pa matembezi ya jioni, familia nzima na watoto, na kwa hakika ni nadra serikali yoyote kujenga kitu ambacho watu wanakitumia kwa kukipenda wala si kwa kulazimika.

Sifa zake zilifika nchi za nje. Katika shindano la Meya bora wa ulimwengu la mwaka 2008 alitajwa kuwa wa nane. Wa kwanza alikuwa Meya wa Cape Town, Bi Helen Zille.

Fedha zilitoka wapi? Hili ni swali ambalo kila mlipa kodi apaswa kuuliza. Rais Ahmadinejad hakumpenda Meya aliyemfuata, naye Meya hakumpenda Rais. Bunge lilipokubali dola bilioni 2 zitolewe kwa ajili ya treni, Rais alikataa kuzitoa, wakashindana kwa muda mrefu huku abiria wakisongamana stesheni. Kwa hiyo mji uliendelea na desturi iliyoanza tangu miaka ya 1990, ya kuuza vibali vya kujenga. Sheria ikisema mtaa huu nyumba zisizidi ghorofa nne, mwenye kiwanja alilipa mjini, akaruhusiwa saba. Kwa njia hiyo Meya alipata fedha bila kuwatoza watu kodi, na wenye viwanja walipata faida. Aliyepunjwa ni jirani, ambaye jua lake lilizibwa na uchochoro wake ukajaa magari. Mji ukila namna hiyo hula akiba yake ya kesho, maana ghorofa ile ile haiuzwi mara mbili.

MANENO YALIYOTUNZWA

Mwaka 2013 akajitokeza tena kugombea urais, na safari hii alikuwa na kazi za kuonyesha. Lakini wiki chache kabla ya kura, ikaenezwa sauti yake iliyonaswa alipokuwa akisema na vijana wa jeshi la mgambo, Basij. Katika sauti hiyo alisikika akisema, kwa kujisifu, kwamba mwaka 1999 yeye mwenyewe alikuwa barabarani juu ya pikipiki akiwapiga waandamanaji kwa fimbo, wala hakuona haya kwa ajili ya cheo chake. Na juu ya mambo ya mwaka 2003 alisema kwamba alinena kwa ukali katika baraza la usalama ili apewe ruhusa polisi waingie bwenini na kutumia silaha.

Katika mashindano ya maneno yaliyoonyeshwa kwa televisheni, mshindani wake alikuwa Bwana Hassan Rouhani, aliyekuwa katibu wa baraza kuu la usalama mwaka ule wa 2003. Rouhani alimkumbusha mpango wa kuwaachia wanafunzi watoke na kisha kuwabana pande zote kama kwa koleo, akasema kwamba yeye ndiye aliyeukataa. Tena akatamka maneno yaliyorudiwa katika nchi nzima, kwamba yeye ni mwanasheria, si kanali. Pigo hilo lilikuwa zito kwa sababu halikuhitaji maelezo. Kila mtu aliyekuwa amependa mabasi na bustani aliulizwa, kwa neno moja tu, aliyewapa vitu hivyo ni nani.

Rouhani alipata kura zaidi ya milioni 18. Ghalibaf akawa wa pili kwa milioni 6 na kidogo.

Mwezi wa Septemba mwaka huo Halmashauri mpya, sasa yenye madiwani 31, ikamchagua Meya. Ghalibaf alipata kura 16, mpinzani wake 14. Diwani mmoja mwanamke, aliyeingia kwa orodha ya wapenda mabadiliko, alimpigia kura Ghalibaf, na wenzake wakamkasirikia sana. Basi mtu yule aliyekataliwa na mamilioni alibaki mjini kwa tofauti ya kura mbili.

Miaka ya mwisho ya umeya wake ilikuwa mibaya. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba nyumba na viwanja vya mji vilikuwa vimeuzwa kwa bei ya chini mno kwa wakubwa na marafiki. Ofisi ya Meya ilikana kwamba kulikuwa na uvunjaji wa sheria. Aliyetiwa ndani upesi ni mwandishi aliyeitoa habari hiyo. Baadaye mmoja wa manaibu wa Meya alihukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha miaka 20 kwa makosa ya fedha. Ghalibaf mwenyewe hakuhukumiwa.

Kisha, tarehe 19 Januari 2017, jengo la Plasco likashika moto. Lilikuwa ghorofa 17, limejengwa mwaka 1962, na siku zake za ujana lilikuwa fahari ya Tehran. Sasa lilijaa viwanda vidogo vya nguo, vitambaa na mashati mpaka dirishani. Wazima-moto walikuwa ndani wakipigana na moto huo jengo lilipoporomoka lote mbele ya kamera za televisheni. Wazima-moto 16 walikufa. Mji ulisema ya kuwa wenye jengo walikuwa wameonywa mara nyingi. Ndiyo, walikuwa wameonywa. Lakini watu waliuliza kama serikali ya mji yenye nguvu za kuchimba chini ya milima ilishindwaje kulifunga jengo moja. Onyo lililoandikwa kwa karatasi na kuwekwa katika faili halizimi moto, na mjane wa mzima-moto hana haja ya nakala yake.

Miezi minne baadaye akagombea urais mara ya tatu, akawashambulia wakubwa akiwaita watu wa asilimia nne wanaokula mali ya asilimia tisini na sita. Maneno hayo yalisikika vibaya yakitoka kinywani mwa aliyekuwa na habari za viwanja juu ya kichwa chake. Siku nne kabla ya kura alijitoa, akamwachia nafasi Bwana Ebrahim Raisi, naye Raisi akashindwa na Rouhani. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 Ghalibaf akaacha umeya, baada ya kuushika kwa muda mrefu kuliko Meya mwingine yeyote wa Tehran tangu mapinduzi.

SPIKA

Uchaguzi wa Bunge wa Februari 2020 ulifanyika wakati wagombea wengi wa wapenda mabadiliko walipokuwa wamekatazwa kusimama. Mjini Tehran mtu mmoja tu katika kila wanne alikwenda kupiga kura. Ghalibaf akawa wa kwanza kwa kura zaidi ya milioni 1.2, na mwezi wa Mei wabunge 230 kati ya 264 wakamfanya Spika. Mwaka 2022 jamaa zake walipigwa picha kiwanjani wakirudi kutoka Uturuki na mizigo ya vitu vya mtoto mchanga, siku ambazo wananchi walikuwa wakiambiwa wanunue vitu vya nchini mwao. Na watu walioweza kusamehe habari za mabilioni hawakusamehe nguo za mtoto, kwa maana bei ya nguo za mtoto kila mtu anaijua.

Katika uchaguzi wa Machi 2024 alirudi Bungeni, lakini kura zake za Tehran zilikuwa zimeshuka hata hazikufika 450,000. Wabunge wakamchagua tena kuwa Spika, kwa kura 198. Wiki hiyo nchi ilikuwa katika matanga, kwa sababu helikopta iliyomchukua Raisi, ambaye sasa alikuwa Rais, ilikuwa imeanguka milimani tarehe 19 Mei, ikamwua. Uchaguzi ukaitishwa upesi, na Ghalibaf akaomba urais mara ya nne. Tarehe 28 Juni alipata kura milioni 3.4, akawa wa tatu. Miaka 19 ilikuwa imepita tangu zile picha za rubani, idadi ya watu ilikuwa imeongezeka kwa mamilioni, na kura zake zilikuwa chache kuliko zile za mara ya kwanza.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo wa 2024, mji wa Beirut katika Lebanoni ulikuwa ukipigwa kwa mabomu ya ndege za Israeli, na mashirika mengi ya ndege yalikuwa yameacha kutua huko. Tarehe 12 Spika wa Bunge la Iran alifanya safari kwenda mji huo. Picha zilizotolewa zilimwonyesha katika chumba cha mbele cha eropleni, amekaa kiti cha rubani, mikono yake juu ya vyombo. Alikuwa na umri wa miaka 63. Aliirusha mwenyewe, akaitua Beirut, akashuka ngazi kwenda kuwasalimu wenyeji wake.